Juu ya Mchezo Usiomdhuru Mtu

Mimi ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kuuliza maswali na kuyajibu. Lakini liko swali moja nililoulizwa na kijana wa nyumbani mwetu, nalo lilinishinda muda wa miezi mitatu. Swali lenyewe ni hili: Mchezo usiomwibia mtu, usiomtukana mtu, wala usiomdhuru mtu, je, waweza kuwa na kosa ndani yake? Mara ya kwanza nilidhani ni swali la kitoto. Sasa naona kwamba si la kitoto, maana jibu lake lilinigharimu aibu mbele ya mama yangu mzazi. Basi nawaeleza habari yote, nanyi mpime wenyewe.

Nyumbani kwetu ni upande wa Sindeni, katika wilaya ya Handeni, nami nafundisha Korogwe. Wakati wa likizo hupanda gari na kurudi kwa mama yangu, ambaye anakaa na wajukuu wake wawili, watoto wa dada yangu. Mkubwa ni kijana wa miaka kumi na saba. Mdogo ni binti wa miaka mitatu. Likizo moja nilimkuta kijana amekaa chini ya mwembe, ameinama juu ya simu yake ya mkononi, na jembe limelala kando yake. Akaniamkia, “Shikamoo, mjomba,” lakini macho yake hayakuinuka. Nikamwitikia, nikasogea nami nikatazama.

Katika kioo cha simu niliona vijidudu vya rangi nyingi, vyenye macho na meno, vikielea kama majani katika maji ya dimbwi. Nikamwuliza, “Ni nini hivi?” Akasema, “Ni vijidudu vya maradhi, mjomba. Ukivichukua viwili vilivyo sawa ukaviunganisha, huwa kimoja kilicho kikubwa zaidi na kibaya zaidi. Hivyo vikubwa viwili ukiviunganisha, hupata cha daraja la tatu, na kadhalika. Kila kijidudu hukuletea sarafu, hata ukilala.” Nikauliza sarafu zile hununua nini. Akajibu, “Hununua vijidudu vingine.”

Nikacheka, nikamwambia kwamba huo ni upumbavu, na kwamba jembe lake linamngoja. Hapo ndipo aliponiuliza swali lile. Alisema kwa adabu, lakini alisema: “Mjomba, mimi sichezi kamari. Sitazami picha mbaya. Simtukani mtu. Wewe husikiliza mpira redioni saa nzima na zaidi, nao mpira haukupi kitu. Kwa nini mchezo wako ni halali na wangu ni upumbavu?” Sikuwa na jibu. Nikafanya kama wafanyavyo wakubwa wengi wakosapo jibu: nikamnyang’anya simu hata jioni.

Laiti ningaliishia hapo! Lakini usiku ule, kabla ya kuirudisha simu, nilitaka kuujua mchezo ili niweze kuukemea kwa maarifa. Nikaunganisha vijidudu viwili, nikaona kimoja kipya kinatokea kwa mlio wa furaha. Nikaunganisha tena. Siku ya pili nikautia mchezo ule katika simu yangu mwenyewe. Niliporudi Korogwe nilikuwa nikiucheza asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na mchana, na usiku, na hata katika baraza la walimu nikificha simu chini ya meza.

Kwa kuwa nafundisha hesabu, yanipasa kuwaonyesha jinsi mtego ule ulivyofanyizwa, maana umefanyizwa kwa hesabu. Kijidudu cha daraja la pili hutaka viwili vya daraja la kwanza. Cha daraja la tatu hutaka vinne. Cha nne, vinane. Ukiendelea hivyo, cha daraja la 11 hutaka vijidudu 1,024, na cha daraja la 21 hutaka 1,048,576. Tuseme kijidudu kimoja hutokea kila sekunde tano. Daraja la 11 utalifikia kwa muda usiotimiza saa moja na nusu. Lakini daraja la 21 litakutaka siku 60 na zaidi, usiku na mchana. Tena, kila daraja moja linalofuata hutaka kazi ile ile yote uliyokwisha kuifanya tangu mwanzo, na kuirudia mara ya pili. Kwa hiyo mchezaji hujiona daima yu karibu kufika, kumbe kila akipanda ngazi moja, ngazi inayobaki imerefuka maradufu.

Wenye kuutengeneza mchezo wanalijua jambo hili vizuri. Mwanzo hukupa madaraja upesi ili upate tamaa. Baadaye, mwendo unapokuwa mzito, hukuambia: Tazama tangazo hili la biashara, nasi tutakuzidishia sarafu mara mbili, au, Toa fedha ya kweli, nasi tutakuharakishia. Mchezo waitwa wa bure, na kweli hukulipi shilingi mlangoni. Lakini macho yako huuzwa kwa wenye matangazo, na bando lako la simu huliwa. Tena liko sanduku la sarafu ambalo hujaa kila baada ya saa mbili, na likijaa, vijidudu huacha kukuchumia. Simu hulia kukuita uje ulimwage. Hivi ndivyo mchezo unaojicheza wenyewe unavyomfanya mwenyewe awe mtumwa wa kengele yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotokea. Katika likizo iliyofuata nilimkuta yule binti mdogo ana homa. Tukampeleka zahanati, akatobolewa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Tukapewa dawa ya mseto, vidonge sita kwa uzito wake: kimoja pale pale, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, kwa maziwa au chakula chenye mafuta. Kidonge cha kwanza alikimeza saa moja ya usiku. Cha pili kilikuwa cha saa tisa usiku. Mama yangu alikuwa amekesha siku mbili, nikamwambia, “Mama, lala. Nitampa mimi.”

Saa nane usiku simu ikalia. Haikulia kwa ajili ya mtoto. Ililia kwa ajili ya sanduku. Nikaamka, nikamwaga sarafu, nikaanza kuunganisha, nikijisemea, Bado saa nzima, nitacheza hata itimie. Nilikuwa karibu na daraja jipya. Sijui nililala saa ngapi. Nilipofumbua macho, jogoo walikuwa wamekwisha kuwika na ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Simu ilikuwa kifuani pangu, imekufa kwa kukosa moto, na mtoto analia kwa homa chumba cha pili.

Mama akaniuliza mlangoni, “Mwanangu, dawa ya usiku umempa?” Nami, mtu mzima, mwalimu, nikajibu, “Nimempa, mama.”

Mama yangu hakusoma shule, lakini vidonge anajua kuvihesabu. Alikwenda akaichukua pakiti pale penye taa, akaitazama, akanirudia nayo mkononi. Vilikuwa vitano. Akasema kwa sauti ya chini, ili kijana asisikie, “Mwanangu, siku hizi vidonge navyo huzaa usiku?”

Sikuwa na neno. Nikampa mtoto kidonge mara moja, nikampigia simu mganga wa zahanati kumweleza ukweli, naye akanielekeza namna ya kupanga saa za vidonge vilivyobaki. Nashukuru kwamba siku ya tatu homa ilikwisha kabisa, na leo binti huyo anafukuza kuku uani. Lakini uzima wake haunifutii kosa, maana sikumponya mimi, na kama angalizidiwa katika saa zile tatu, jibu langu lingalikuwa ni lile lile: vijidudu vya rangi.

Basi turudi kwenye swali la kijana. Yeye alisema mchezo haumdhuru mtu, na kwa kuutazama mchezo peke yake alisema kweli. Vile vijidudu vya kioo havikumwuma mtoto. Lakini hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la hoja yake, na la hoja yangu pia. Sisi sote tulikuwa tukilipima tendo kana kwamba limesimama peke yake uwanjani. Tendo halisimami hivyo. Kila tendo hukaa ndani ya saa fulani, na ile saa haikuwa tupu. Ilikuwa na mwenyewe. Saa tisa ya usiku ule ilikuwa ya mtoto. Nilikuwa nimekwisha kumpa kwa kinywa changu nilipomwambia mama alale. Aliyeichukua saa ile alichukua kitu cha mwingine, hata kama alikitumia kwa jambo lisilo na ubaya wowote. Mtu aweza kuiba kwa kuimba.

Kijana atasema, Kama ni hivyo, mpira nao na bao navyo huchukua saa za watu. Ni kweli, nami nawajua wazee waliolisahau shamba kwa sababu ya bao. Lakini mchezo wa bao una mambo mawili ambayo huu hauna. La kwanza, una mwenzi: yuko mtu mbele yako, unamfikiria, unamcheka naye anakucheka, na mkiondoka mmejuana zaidi. La pili, una mwisho: kete zikimwishia mmoja, mchezo umekwisha, na kila mtu huitazama jua na kukumbuka ng’ombe wake. Mpira una dakika 90. Ngoma ina alfajiri. Mwisho ni mlango ambao wajibu huingilia na kusema, Haya, sasa ni zamu yangu. Mchezo wa vijidudu umejengwa bila mlango huo. Umejengwa makusudi usiwe nao.

Yuko mwingine atakayesema kwamba ubaya wa mchezo huu ni kupata faida bila kutoa jasho, kwa kuwa sarafu huongezeka ukilala. Hoja hii mimi siikubali. Hapa Uzigua mkulima naye hulala, na mahindi yake hukua gizani bila yeye kujua namna yake. Mvua ikija, hakuitengeneza. Kupokea kitu ambacho hukukitolea jasho si dhambi. Pengine ndiyo sehemu kubwa ya maisha yetu. Tofauti ni kwamba mahindi, yakiisha kukua usiku, humlisha mtu mchana. Sarafu zile hununua vijidudu, na vijidudu huzaa sarafu, na duara lile halina mahali linapomgusa mtu mwenye njaa.

Wala sisemi kwamba mtu aliyechoka asipumzike. Mtu aliyeshinda shambani au aliyesahihisha madaftari themanini anahitaji kuliweka moyoni jambo jepesi. Lakini mapumziko ya kweli humrudisha mtu kazini akiwa na nguvu. Mimi nilipoucheza mchezo ule nilitoka nimechoka zaidi, na macho yananiwasha, na hasira iko karibu. Pumziko linalochosha si pumziko.

Nalo ni jambo la ajabu kwamba mchezo wenyewe ulikuwa juu ya vijidudu, maana sisi wa mkoa huu wa Tanga tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuvichekea. Vijidudu vya kweli hasa huongezeka kwa kugawanyika. Katika mchezo viwili huwa kimoja; katika mwili kimoja huwa viwili. Bakteria wa tumboni, akipata joto na chakula cha kutosha, aweza kugawanyika kila dakika 20. Katika saa kumi, kama hapana kinachomzuia, mmoja huwa zaidi ya 1,000,000,000. Kimelea cha malaria kilicho ndani ya chembe ya damu huzaa kumi na zaidi kila saa 48. Hivyo navyo hufanya kazi yao tulalapo, wala havilii kengele kutuita.

Navyo hupanda daraja kweli. Dawa ikiwa chache, au ikikatwa kabla ya wakati, vile dhaifu hufa na vile vigumu hubaki, navyo ndivyo vizaavyo. Katika kijiji cha Mkuzi, karibu na Muheza, katika miaka ya 1950 watu waligawiwa dawa ya pairimethamini, na muda wa miezi michache tu vikaonekana vimelea visivyoijali dawa ile. Klorokwini tuliyoitumaini miaka mingi iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania mwaka 2001, ikaingia SP. Na mwaka 2006 ikaamuliwa dawa ya mseto ishike mahali pa SP. Pale Hale, katika wilaya yetu ya Korogwe, watafiti waliijaribu SP kwa watoto wagonjwa, wakaona kwamba kwa walio wengi imeshindwa. Na sasa, katika miaka hii ya 2020, huko Kagera wameonekana wagonjwa ambao vimelea vyao huchelewa kufa hata kwa dawa ya mseto. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, aliwaonya watu katika hotuba yake ya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kidogo itavifundisha vijidudu kuizoea.

Sisemi kwamba kuchelewa kwangu kumoja kulizaa kimelea kipya. Hilo sina haki ya kulisema. Nasema tu kwamba saa ile nilipokuwa nikivilea vijidudu vya kioo, nilikuwa nimeacha kuvipiga vita vile vya damu. Mchezo wa kwanza nilijua kwamba naucheza. Wa pili nilikuwa nikiucheza bila kujua.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo lililonipa jibu. Nilijiuliza: Kama mchezo ule haukuwa na kosa, kwa nini nilimdanganya mama? Mtu aweza kujibu kwamba niliona haya tu, na haya si ushahidi wa kosa. Watu huona haya hata kwa umaskini wao, au kwa kulia mbele za watu, na hayo si makosa. Ni kweli. Lakini mtu aonaye haya kwa umaskini hufunika uso wake. Hamnyang’anyi mwingine haki yake ya kujua. Mama alikuwa na haki ya kujua kama mjukuu wake amekunywa dawa. Niliificha haki hiyo ili niulinde mchezo. Basi nimepata kipimo ambacho nakitumia sasa, si kwa simu tu, bali kwa pombe, kwa mpira, hata kwa vitabu nivipendavyo: Je, naweza kulitaja jambo hili, pamoja na saa niliyolifanya, mbele ya mtu aliyekuwa akiningoja? Nikiweza, ni mchezo. Nisipoweza bila kupunguza au kuongeza neno, limekwisha kuwa kitu kingine.

Jioni ile nilimwita mpwa wangu chini ya mwembe, nikamweleza yote, hata habari ya pakiti. Haikuwa rahisi. Nilitazamia acheke, naye alikuwa na haki ya kucheka. Hakucheka. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, “Ulikuwa umefika daraja la ngapi, mjomba?” Nikamwambia. Akasema, “Umenipita.” Kisha tukaufuta mchezo, mimi wa kwangu na yeye wa kwake, ingawa yeye alingoja hata siku ya pili. Saa tatu usiku, ulipofika wakati wa kidonge kama tulivyoelekezwa, kijana ndiye aliyemwamsha mdogo wake na kumshikia kikombe cha maziwa, na mama akasimama mlangoni akihesabu.

Nanyi wasomaji, sikuandika ili mzitupe simu zenu. Mimi yangu ninayo, na kwa hiyo nilimpata mganga alfajiri ile. Naandika kwa sababu najua kwamba katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe liko jembe lililolala kando ya mtu aliyeinama, na mkubwa wa nyumba hana jibu la kumpa. Msimnyang’anye simu kwanza. Mwulizeni ni nani anayemngoja saa hii. Kisha jiulizeni ninyi wenyewe swali hilo hilo, mbele yake.